Neno «quite» la Kiingereza: ni «kabisa» ao «kiasi»?

Sisi tuliosoma kwa Kifransa, tukianza Kiingereza, tunaogopa hasa maneno marefu. Kumbe hayo ni rahisi, maana mengi yametoka katika Kilatini, nasi tunayatambua upesi. Neno linalotuangusha ni fupi, la herufi tano tu: quite.

Tuseme mwalimu Mwingereza ameandika barua juu ya mwanafunzi wake: «His Latin is quite good». Mseminari anafungua kamusi, anakuta tout à fait, naye anatafsiri: «Kilatini chake ni chema kabisa». Hapo amempa kijana sifa ambayo mwalimu hakumpa. Mwalimu alitaka kusema: «Ni chema kiasi, kinafaa». Lakini maneno yale yale yakiandikwa na mtu wa Marekani, mara nyingi ni sifa ya kweli, karibu na «chema sana». Mtu aweza kupata nafasi ya masomo, ao kuikosa, kwa ajili ya neno hilo moja.

Fujo hiyo imetoka wapi? Kilatini kina neno quietus, maana yake aliyetulia. Ni ndugu ya requies, tunayoijua katika Misa ya wafu. Kutoka hapo Kifransa cha zamani kilipata quite, yaani mtu aliye huru, asiye na deni; hata leo Wafransa wanasema être quitte. Waingereza walilipokea neno hilo. Deni likilipwa lote, hakuna kinachobaki. Basi kwao quite ikawa «kabisa, pasipo kubakiza kitu».

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 31, 15, Raheli na Lea wanalalamika kwamba baba yao amekula fedha yao, na neno quite limo. Anayedhani kwamba Labani alikula kiasi tu, hajaelewa uchungu wa wale wanawake. Aliimaliza. Maana ya «kiasi» ilienea baadaye sana, katika karne ya 19, na tangu wakati huo maana mbili zinakaa nyumba moja.

Kusudi tuzitenganishe, tuangalie neno linalofuata. Likitaja jambo lisiloweza kuzidi wala kupungua, quite ni «kabisa»: quite impossible, quite empty, quite dead. Maiti hakufa kiasi! Likitaja jambo lenye ngazi, kama wema, baridi ao urefu, basi kwa Waingereza quite ni assez: quite cold, baridi kiasi. Tena wao wanasaidiwa na sauti. Wakitia nguvu juu ya quite, sifa inashuka. Wakitia nguvu juu ya good, inapanda. Barua haina sauti. Ukiandika wewe mwenyewe, heri uweke very ao fairly, na msomaji hatakisia.

Penye neno la kukana, yapasa kuangalia zaidi, maana hapo Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. Not quite ready ni «karibu tayari, bado kidogo». Ukitafsiri «si tayari kabisa», wengi watasikia kwamba hakuna hata jambo moja lililotayarishwa, na hiyo ni kinyume chake.

Quite a few nayo inashangaza. A few ni wachache, lakini quite a few ni wengi. Katekista akisoma kwamba quite a few people walifika kwa ibada, asiwahurumie wenyeji: watu walijaa.

Mwingereza akikujibu «Quite» peke yake, hakusema kiasi wala hakuacha maneno katikati. Amekubali: «Ndivyo hasa». Lakini akikuandikia quiet, herufi ni zile zile tano zilizopangwa namna nyingine, naye anakuomba unyamaze.