Kufuli la Kale Lisivunjwe kwa Haraka

Askari akabidhiwapo zamu ya ghala hupewa kufuli na ufunguo wake, na vyote viwili ni amana. Yapo makufuli yaliyodumu kuliko askari walioyatumia. Ufunguo ulipotea zamani, nalo kufuli limebaki likining'inia kwenye kasha au mlango. Mara nyingi shauri linalotolewa ni nyundo au msumeno. Shauri hilo si jema, kwa sababu fundi mwenye subira aweza kufanya ufunguo mpya pasipo kuliharibu kufuli, na pia kwa sababu kufuli lenyewe laweza kuwa shahidi.

Makufuli mengi ya kale ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ina kuta ndogo za chuma ndani yake, zinazouzuia kila ufunguo usio na nafasi za kuzipisha. Namna ya pili ina vibamba vinavyokandamizwa na kamani. Ufunguo wa haki hukiinua kila kibamba kwa kipimo chake, kisizidi wala kisipungue, ndipo ulimi wa kufuli upate njia.

Mwaka 1817 wezi waliingia katika bandari ya wanamaji ya Portsmouth, Uingereza, kwa funguo za bandia. Serikali ikatangaza shindano la kutafuta kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb alisajili kitasa chenye kibamba kinachonaswa kikiinuliwa kupita kiasi. Mwenye mali akitia ufunguo wake, hutambua mara moja kwamba mkono mgeni umepita. Hata hivyo, mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua kitasa cha namna hiyo mjini London. Ndiyo maana kufuli halimwondolei mlinzi wajibu wake.

Kabla ya kazi, fundi hutazama alama. Mali ya serikali ya Uingereza ya zamani ilipigwa alama ya mshale. Makufuli mengine yana jina la Willenhall, mji wa Uingereza uliosifika kwa mafundi wa makufuli. Alama hizo zisipitiwe na tupa, kwani ni kumbukumbu.

Kwa kufuli la kuta, fundi huchukua ufunguo usiochongwa unaoenea katika tundu, huupaka masizi ya mshumaa, huutia na kuuzungusha polepole. Masizi hufutika pale chuma kilipogusa, na hapo ndipo tupa ipite. Hurudia hivyo, kidogo kidogo, mpaka ufunguo uzunguke. Kwa kufuli la vibamba, huondoa vichwa vya ribiti, hufungua bamba la ubavuni, hupima kila kibamba na kuchonga meno kwa kipimo hicho. Kamani iliyovunjika hubadilishwa, kisha ribiti mpya hupigwa. Kutu huondolewa kwa mafuta ya taa na brashi laini. Mafuta mazito hushika vumbi. Unga wa risasi ya penseli watosha.

Lakini kufuli likiokotwa mahali palipotendeka uhalifu, hayo yote yangoje. Ufunguo wa bandia na kipande cha waya huacha mikwaruzo ndani, na mikwaruzo hiyo ni ushahidi. Anayetia mafuta au kujaribu funguo huufuta kwa mkono wake mwenyewe. Kufuli hilo na lifungwe katika karatasi safi, liandikwe mahali na saa lilipopatikana, kisha likabidhiwe kwa wapelelezi.

Mwisho, ufunguo mpya ni mamlaka mapya. Fundi asichonge hata jino moja kabla ya kujua mwenye mali ni nani na nani ametoa idhini. Katika kambi na vituo, idadi ya funguo zilizochongwa iandikwe daftarini, pamoja na majina ya waliozipokea. Ufunguo usioandikwa ni mlango ulioachwa wazi, hata kama kufuli limefungwa.