Kusoma Utafiti na Kuuendeleza: Mfano wa Vita vya Maji Maji

Wako miongoni mwetu wanaoupokea utafiti wa wasomi kama msahafu, na wako wanaoutupilia mbali kwa kuwa haulingani na yale tuliyozoea kuyasema majukwaani. Makosa haya mawili yana asili moja: hatuulizi utafiti huo ulifanywaje, wala nani alihojiwa.

Tuchukue Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Gavana wa Kijerumani, von Götzen, alitoa kitabu chake mwaka 1909, na lawama kubwa akawatwika waganga. Huo ulikuwa ushahidi wa mtawala juu ya mtawaliwa. Mwaka 1967 John Iliffe aliyarudia majalada ya Wajerumani akiwa na swali jingine: watu wa makabila mengi waliunganaje? Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakaenda kuwahoji wazee wa kusini. Pamba ya kulazimishwa na mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yakaelezwa na wenyewe. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa akataja 250,000 hadi 300,000. Kada asikimbilie tarakimu inayompendeza. Kwanza aulize nani alihesabu, na kwa njia gani.

Ungedhani mjadala umekwisha. Lakini mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliitazama Uzaramo kwa kuanzia ndani ya kaya. Wanaume walichukuliwa kwenda kufanya kazi kwingine, uwindaji ukabanwa, nguruwe mwitu wakaharibu mazao, na mzigo wa kuilisha kaya ukawaangukia wanawake. Kwa maoni yake, baadhi ya yale yaliyoitwa uasi huko yalikuwa juhudi za kujinusuru na njaa. Swali la nguruwe nalo lina uzito wake!

Hapa kada huudhika. Je, umoja tuliofundisha tangu enzi za TANU umekanushwa? Sisi tunasema hapana, ila tukubali kwamba tuliufundisha kana kwamba ulizaliwa umekamilika. Uzaramo si Umatumbi. Wahehe, waliompiga Mjerumani chini ya Mkwawa hadi mwaka 1898, kwa jumla hawakujiunga na Maji Maji. Kuwaita wasaliti si uchambuzi. Tulitazame pigo walilokuwa wamelipata miaka michache tu kabla, na mahusiano yao na majirani zao. Anayelikwepa jambo hilo ili hadithi ibaki nzuri anamnyima mkulima wa leo kuelewa jinsi umoja unavyojengwa, na jinsi unavyovunjika.

Basi mwanafunzi wa Kilwa au Songea anayetaka kuchangia asianze na hitimisho. Walioviona vita hivyo kwa macho yao wameshafariki, lakini wajukuu wapo, na makaburi yapo. Aulize nani alilima, nani alikimbia, chakula kilifichwa wapi. Akipata jibu lisilolingana na la Iliffe, wala na la Sunseri, wala na letu, aliandike hivyo hivyo, na ataje kijiji alikolipata.