Mtoto wa Mgongoni Naye ni Abiria

Nakata tiketi za basi za Arusha kwenda Nairobi. Mama mwenye kichanga akija dirishani, kabla ya kumwonyesha viti namuuliza: "Dada, mtoto ana pasi?" Wengi hucheka. Huyu ambaye hata shingo haijakaza, naye pasi? Ndiyo, naye. Zamani mtoto aliandikwa ndani ya pasi ya mzazi. Siku hizi kila kichwa na pasi yake.

Pale Namanga mpakani, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, anayekwenda Kenya hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Kenya. Kwa hiyo mama asiyeulizwa mapema hugundua kasoro akiwa ameshavuka, mizigo iko kwenye buti na dereva anapiga honi. Hapo ndipo hutolewa kadi ya kliniki, au tangazo la kizazi la hospitali. Afisa hulisoma, halafu hulirudisha. Tangazo linaonyesha kwamba mtoto amezaliwa, mpaka halimvushi.

Kazi ya tangazo ni kukupatia cheti cha kuzaliwa cha RITA, na hapo ndipo penye shughuli. Kwa mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, wa chini ya miaka mitano hupewa cheti bure, hata kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Kabla hujaondoka, lisome jina lako herufi kwa herufi. "Mwajuma" wa kitambulisho cha NIDA na "Mwanajuma" wa cheti ni watu wawili mbele ya Uhamiaji.

Cheti kikiwa sawa, omba pasi. Safari ikiwa ya msiba, omba hati ya dharura ya safari, nayo ni nafuu zaidi. Picha ndiyo huwatoa watu jasho: mlaze mtoto kwenye shuka la rangi moja, macho yawe wazi, mkono wako usionekane. Apigwe akiwa ameshiba. Baba asiposafiri, beba barua yake ya ridhaa na nakala ya kitambulisho chake. Si kila afisa ataiulizia, ila mmoja akiiulizia huna pa kuitoa.

Kwa kichanga, chanjo ya homa ya manjano isikuumize kichwa. Kwa kawaida huanza miezi 9.

Kichanga wa kupakatwa simtozi nauli, lakini bila pasi au hati simpandishi. Anzeni na cheti, tiketi mje kukata mwisho.