Utangulizi: Kupiga na Kuhariri Picha za Mji Wenye Pilikapilika

Wilaya ya Serengeti inajulikana duniani kwa picha, lakini picha zenyewe ni za nyumbu, simba na twiga. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Serengeti itangazwe mwaka 1951, kamera za wageni zimeelekezwa huko. Mugumu, makao makuu ya wilaya, na kata kama Morotonga, hupitwa vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Somo hili linaanzia hapo panapopitwa: stendi, sokoni, kwenye kijiwe cha bodaboda. Msimamo wangu ni huu: picha ya mji ni ushahidi wa mahali, na kila uamuzi wa kupanga na kuhariri upimwe kwa kipimo hicho.

Fani ya picha za mji si ngeni kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na kamera yake haikuishia studio. Ilitoka mpaka vichochoroni mwa Mji Mkongwe. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, jijini Dar es Salaam mwaka 1963, miaka mingi kabla dunia haijamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia.

Penye watu wengi kila kitu kinataka kuangaliwa, na anayeanza hutaka kuviingiza vyote. Mzoefu hutafuta mandhari ya nyuma kwanza: ukuta wa rangi moja, mlango wa duka, ubavu wa basi. Akishaipata hutulia hapo, watu waingie wenyewe. Tazama mizigo ikipandishwa: kijana yuko juu ya keria ameinama kupokea gunia, mwenzake chini amelinyanyua kwa mikono miwili, na kati ya mikono ya mmoja na ya mwingine kuna upenyo wa anga. Upenyo huo ndio unaoibeba picha. Mpiga debe akipitisha kichwa hapo, picha imeharibika. Msubiri apite, au sogea hatua mbili kushoto.

Mkoa wa Mara, ilimo wilaya hii, uko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo jua la saa 6 na nusu mchana huwa karibu na utosi, na uso ulio chini ya kofia hupotea kabisa. Piga asubuhi kabla ya saa 3, au kuanzia saa 10 jioni. Ukilazimika mchana, ingia barazani, ambako mwanga unaodunda kutoka ardhini hufika usoni.

Katika kuhariri, anza na ngozi. Kwa miaka mingi Kodak iliwapa wasafishaji picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke mweupe, zilizoitwa Shirley. Rangi zikasawazishwa kwa ngozi hiyo, na watu weusi wakatoka vivuli visivyo na sura. Leo kosa limegeuka upande wa pili: programu za simu za kurembesha hupausha uso. Inua vivuli kidogo mpaka macho yaonekane, weusi ubaki na mng'ao wake. Vitenge navyo usivizidishie rangi. Vina ya kutosha. Wengi hufuta nguzo na nyaya za umeme ili picha ipendeze. Sikubaliani nao hata kidogo, maana nyaya hizo ni sehemu ya historia ya mji.

Linalosahaulika zaidi ni maelezo ya picha. Henri Cartier-Bresson, bingwa wa picha za mitaani, alisema aliamshwa na picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi. Picha hiyo, ya mwaka 1930 hivi, imechapishwa mara nyingi kuwa ni ya Ziwa Tanganyika, na kwingine kuwa ni ya Liberia. Wavulana wale wamo katika historia ya sanaa bila majina, na hata maji waliyokuwa wakiyakimbilia yanabishaniwa. Inauma, na ni kosa ambalo kizazi chetu kinaweza kulikomesha.

Basi, msomaji, mwombe mtu ruhusa kabla ya kumsogelea. Na kila jioni, kabla hujafuta hata picha moja, andika: Mugumu, stendi, tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na jina la mtu kama ameridhia litajwe.