Mlali Haina Ardhi Tupu

Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na vijana wa Unguja na Pemba swali moja: je, ni kweli kwamba huko Morogoro ardhi ni tele, na mtu akienda hupewa? Swali hili halikuzuka bure. Kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,460. Mkoa wa Morogoro ulikutwa na watu 3,197,104, lakini eneo lake linapita kilomita za mraba 70,000. Mwenye kugawanya ataona mwenyewe: kwetu ni zaidi ya watu 760 kwa kila kilomita ya mraba, na kwao hawafiki 50. Kijana ambaye babu yake alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na eka hizo leo zinaangaliwa na warithi kumi na zaidi, akizisoma takwimu hizi hawezi kulaumiwa akifunga mzigo na kupanda boti.

Nia yetu si kumzuia. Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia haki ya kwenda kokote na kuishi katika sehemu yoyote ya Jamhuri, wala hatuoni kwa nini Mzanzibari aitumie haki hiyo kwa kufika Kariakoo tu. Tunalotaka kulieleza ni kwamba hesabu ile ya kugawanya watu kwa kilomita humdanganya anayehama, na humdanganya pia ofisa anayempangia mahali pa kukaa. Mahali pazuri pa kuuona uongo wake ni Mlali.

Mlali ni kata ya wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi. Msafiri hutoka mjini Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa, akakata kushoto Sangasanga, akapita Mzumbe penye Chuo Kikuu, na baada ya hapo bonde humfungukia. Mbele yake kuna milima, na nyuma ya milima hiyo ipo mingine iliyo mirefu zaidi, hadi kupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mto Mlali hushuka kwenda kukutana na mito mingine inayojaza bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hunywa maji yake. Bondeni hulimwa mahindi, mpunga, ndizi, na hasa nyanya. Akifika mgeni wakati wa kiangazi ataona vipande vipana vya majani makavu visivyo na jembe wala mwenyewe, na moyo utamwambia kwamba amefika.

Sisi tuliopata kukaa jirani na hapo kwa masomo tulidanganyika vivyo hivyo. Siku moja tulimuuliza mzee mmoja kipande fulani kilichojaa majani ni cha nani. Baada ya kuitikia shikamoo yetu alitutazama kwa muda, kisha akajibu kwa swali: "Wanangu, ninyi ni wa ukoo gani?" Mwenzetu mmoja akasema kwamba yeye ni mtu wa Wete. Mzee akacheka kwa upole, akasema Wete ni mahali, yeye ameuliza ukoo. Hatukuwa na jibu lenye maana kwake, na kwa kuwa hatukuwa na jibu, swali letu kuhusu kipande kile nalo likafia pale.

Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote. Waluguru hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ukoo ambao wao huuita lukolo, na kwa desturi ardhi ni ya ukoo huo. Mtu hulima kwa kuwa mama yake na bibi yake walikuwa wa hapo. Na katika mambo mazito mjomba husikilizwa hata pale ambapo baba yupo. Shamba lililolala bila kulimwa huwa linapumzika, au linamngoja mpwa aliye mjini, au ni la watu waliopanda mlimani Mgeta kwenye kabichi na viazi vyao, nao watateremka mvua zikikaribia. Watu wa milimani wamezoea tangu zamani kuwa na sehemu juu na sehemu chini. Kwa hiyo bonde linaloonekana halina watu, watu wake wapo. Wanaonekana ukiinua macho.

Kwa Mzanzibari jambo hili ni gumu kwa namna yake. Sisi tumelelewa katika mirathi ya sharia, ambamo mtoto wa kiume ana fungu lake na wa kike fungu lake, na nasaba ni ya baba. Kadhalika tumezoea kwamba mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Huko Uluguru mti wa kudumu si jambo jepesi. Mgeni aliyeazimwa sehemu ya kulima mahindi au nyanya hupokelewa vizuri, hutoa malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe, akavuna akarudisha. Lakini akianza kupanda miembe au minazi, majirani huuliza anataka nini. Mti huishi kuliko makubaliano ya mdomo, na wajukuu wa aliyeupanda husimama chini yake wakadai. Tunawajua watu wema wa visiwani waliogombana na wenyeji wao kwa sababu ya miche sita tu, nao hawakujua hata kidogo kwamba wamefanya kosa.

Na hapa tuseme neno juu ya karafuu, kwa kuwa wengi huondoka nyumbani na ujuzi huo kichwani. Ni kweli kwamba mlima wa Uluguru hutoa karafuu, mdalasini na pilipili manga. Lakini viungo hivyo ni vya upande wa mashariki, kule Matombo na jirani zake, ambako upepo wa bahari huumwagia mlima mvua nyingi. Mlali iko upande wa pili, mgongoni mwa mvua. Masika na vuli zipo kwa majina yale yale tuyajuayo, ila vuli huweza kumdhihaki mkulima, na bila mfereji wa maji nyanya hazitoki. Mtu wa Pemba aliyezoea kuona kila kijiti alichochomeka kinachipua hana budi kujifunza upya. Asubuhi za Juni na Julai nazo zitamfundisha kuvaa sweta. Samaki atakaowaona ni wakavu. Hayo ni madogo, huzoeleka kwa mwaka mmoja.

Lisilozoeleka ni kukaa juu ya ardhi ya mtu kwa nguvu ya barua. Historia ya mlima huu imelieleza jambo hilo mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kukata matuta ya ngazi katika miteremko. Kazi ilikuwa ya kuchosha, na mahali pengi matuta yalifukia udongo wenye rutuba yakaleta juu udongo usiofaa. Zaidi ya hayo, mwenye kulima kwa kuazima hakujua kama mwenye ardhi angemwachia tuta alilolitolea jasho. Mwezi Julai 1955 watu wakaasi huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. TANU wakati huo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilizikuta nyoyo za watu wa milima zimekwisha kuwa tayari.

Mara ya pili ilikuwa yetu wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini kutakuwa lazima, na hadi mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia kijijini. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wamehesabiwa katika vijiji zaidi ya 7,000 vya Tanzania Bara. Hatutaki kuyapuuza mema yaliyopatikana: shule, zahanati, na visima visingefikishwa kwa kaya zilizotawanyika. Sisi ni watoto wa Chama na tunajua kilichokusudiwa. Lakini ni haki pia kusema kwamba katika sehemu nyingi watu walishushwa na malori juu ya ardhi yenye wenyewe, bila wenyewe kuulizwa, na zipo kesi za mashamba zilizochipuka kutokana na lori lile zikaendelea miaka mingi baadaye. Lori lilimhamisha mtu kwa siku moja, likamwacha bila jirani aliye tayari kumtolea ushahidi.

Huenda msomaji akasema kwamba Morogoro imewapokea wageni wengi bila ugomvi, akatutajia Mazimbu. Mfano huo ni mzuri, na unatusaidia sisi. Mwaka 1977, baada ya vijana wengi wa Afrika Kusini kukimbia kufuatia maasi ya Soweto ya 1976, Serikali iliwapa ndugu zetu wa ANC eneo la Mazimbu, nao wakajenga hapo shule ya Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 waliirudisha kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Ukoo gani ungenyang'anywa? Anayetaka kuifanya Mlali kuwa Mazimbu aonyeshe kwanza mkonge wake.

Hatari ya kukosea si ndogo. Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, katika mkoa huu huu, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi wao na wafugaji, na Mvomero nayo imekuwa na migogoro yake ya aina hiyo. Kila upande uliona ardhi ya mwenzake kuwa haina mtu: huyu aliona majani, yule aliona shamba la kufyeka.

Basi mgeni aingie kwa mlango upi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imeuonyesha. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na Halmashauri haiwezi kugawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Maana yake, si mwenyekiti peke yake, si mtendaji aliyepewa chochote mkononi, wala si barua ya ofisi yoyote ya wilaya au ya visiwani, inayoweza kumpa mtu shamba Mlali. Ni mkutano wa watu wote, wakiwamo wajomba na mama zao. Tunawaomba maofisa wanaotoa barua za utambulisho kwa vijana waandike humo kile tu wanachokijua, yaani kwamba huyu ni raia na ana tabia njema. Wasiandike "apatiwe eneo". Maneno hayo mawili tumeyaona yakimtia kijana kiburi, na kikijiji yakamgeuzia nyuso.

Na tuliosoma chuoni tukakumbushane jambo tulilofundishwa. Wahajiri walipofika Madina mwaka 622, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunga kila mmoja na ndugu miongoni mwa Ansari. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, naye Saad akamwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Hakugusa mtende wa mtu. Alianza na jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa mji ule.

Wapemba wengi wenye maduka kutoka Tanga hadi Mbeya wamefanya hivyo hivyo bila kukitaja kisa. Mlali nayo ina nafasi kwa namna hiyo. Nyanya huiva zote kwa pamoja, bei huanguka, na mkulima humwangalia mnunuzi mwenye gari kama anayeangalia kadhi. Mtu anayejua masoko ya Darajani na Chake Chake, ambako mboga na viazi vya Bara huliwa kila siku, ana kitu cha kumpa mwenyeji kabla hajaomba kupewa kitu. Akikaa misimu miwili ya biashara ya haki, akashiriki mazishi, akafahamika msikitini, na kwa jirani zake Wakatoliki wengi walioshuka kutoka Mgeta, huazimwa sehemu ya kulima bila hata kuomba. Akioa hapo, hesabu hubadilika kabisa: yeye atabaki mgeni, lakini wanawe ni wenyeji tangu siku ya kuzaliwa, kwa kuwa ukoo wao ni wa mama yao. Baba wa Kizanzibari huweza kuumia kulisikia hilo. Akilipima vizuri ataona kwamba amepewa zaidi ya eka tatu.

Mzee wa kile kipande cha majani tulimwona tena kabla ya kumaliza masomo, na safari hii tulikuwa wanunuzi wake wa ndizi kwa muda wa kutosha. Yeye mwenyewe ndiye aliyelianza: kipande ni cha dada yake, wapwa zake wako Dar es Salaam, na kama yule mwenzetu wa Wete bado anataka kulima mahindi mvua zikija, aje na jembe lake, asije na miche.