Gitaa lako linalia kama mkebe? Usiliuze kabla ya kufanya jaribio hili

UMEKAA chumbani jioni, umelipakata gitaa lako la mbao, unalipiga bila umeme. Besi inanguruma, nyuzi nyembamba zinalia tamu, hata jirani anagonga ukuta kuomba wimbo mwingine. Jumamosi inafika, umealikwa kupiga harusini. Unachomeka waya kwenye miksa, unagusa uzi wa kwanza, na kinachotoka kwenye spika ni sauti nyembamba, kali, kama mtu anayegonga mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia.

Hapo ndipo wengi huanza kulilaumu gitaa. Rafiki yangu mmoja alifikia hatua ya kutafuta mnunuzi. Alikuwa tayari kuliuza kwa nusu ya bei aliyolinunulia, kisha achukue mkopo wa simu anunue lingine la bei ghali. Nilimwomba kitu kimoja tu: anipe alasiri moja ya Jumapili tulipime kwanza.

Ikiwa nawe uko karibu kufanya kama yeye, tulia kidogo usome hii.

Magitaa mengi ya mbao yanayochomekwa kwenye spika huwa na pikapu. Hapana, si lile gari la kubebea viazi. Ni kifaa chembamba kilichofichwa chini ya kile kijiti cheupe ambacho nyuzi hukalia. Ndani yake mna piezo, yaani kitu ambacho kikibanwa au kikitikiswa hutoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ndio walioonyesha jambo hili mwaka wa 1880. Huenda hata jikoni kwenu lipo: viwashio vingi vya gesi, vile vya kubonyeza vikalia “ta!” na kutoa cheche, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Shida ni kwamba umeme wa pikapu hii ni dhaifu sana. Ichukulie kama chemchemi ndogo: ukichota kwa kijiko, maji yanabaki, ukitumbukiza ndoo, inakauka papo hapo. Tundu la kawaida la miksa, lile la “line”, ni ndoo. Ukinzani wake huwa takriban omu 10,000, ilhali piezo hutaka tundu la omu milioni 1 au zaidi, na hupumua vizuri kabisa kwenye milioni 10.

Na ukinzani ukiwa mdogo, kinachopotea kwanza ni besi. Uzi mnene wa sita hutetema kama mara 82 kwa sekunde, kwa hivyo huo ndio unaomezwa mapema. Unabaki na makali ya juu peke yake. Mkebe huo!

Kwetu sisi hasara hii ni kubwa. Msikilize George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo kutoka magharibi mwa Kenya: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi za besi huku vidole vingine vikiimba juu, na chupa ya Fanta ikigongwa kando kushika mwendo. Ukipiga omutibo halafu gumba lisisikike, umebaki na nusu ya wimbo.

Priampu ni kijisanduku kinachokaa kati ya gitaa na miksa. Huchota kwa kijiko upande wa gitaa, kisha hutoa umeme wenye nguvu ambao miksa inaweza kuubeba bila kuharibu kitu. Lakini usikimbilie dukani bado.

Anza na mambo ya bure. Kagua ubavu wa gitaa lako. Kama kuna vitufe vya sauti na mahali pa kuweka betri, basi tayari lina priampu ndani. Weka betri mpya ya volti 9 kabla ya kulilaumu, maana betri iliyochoka huleta sauti ya kukwaruza. Kama halina, angalia kama miksa au kifaa chako cha kurekodia kina tundu lililoandikwa “Hi-Z” au “Instrument”. Au azima amplifaya ya gitaa la umeme, kwani tundu lake mara nyingi huwa na ukinzani wa kama omu milioni 1. Besi ikirudi hapo, umeshamjua mwizi.

Sasa jaribio lenyewe. Azima priampu, usinunue. Tumia gitaa hilo hilo, nyuzi hizo hizo, spika hiyo hiyo, na vitufe vyote vya besi na makali viwe katikati. Zima sauti ya spika kila unapochomeka au kuchomoa waya. Waya wa kutoka kwenye gitaa hadi kwenye priampu uwe mfupi, mita 3 hivi. Ule mrefu uwe upande wa miksa.

Halafu sawazisha sauti. Hapa ndipo wengi hudanganyika, bana. Sikio hupenda kilicho juu zaidi, na priampu hupandisha sauti, kwa hivyo utadhani ni tamu kumbe ni kubwa tu. Pakua programu ya bure ya kupima desibeli kwenye simu, uiweke mahali pamoja, na urekebishe hadi njia zote mbili zilingane.

Kisha geukia ukuta. Mmoja apige kipande kifupi kile kile, mwingine arushe sarafu ili kuamua njia gani itumike, nawe uandike unayoipenda. Fanya mara 10. Kama hakuna tofauti, utachagua kila moja kama mara 5. Ukichagua moja mara 9, hapo kuna kitu.

Rafiki yangu alichagua priampu mara 9. Gumba lake lilirudi wazi, hata yeye aligeuka kabla ya wakati kuhakikisha ni gitaa lake kweli. Lakini kilichotushangaza kilikuja baadaye. Tulikuwa tumeazima priampu mbili: moja ya kampuni kubwa, nyingine kisanduku kilichoundwa na fundi wa redio. Tulipozishindanisha gizani, alichagua kila moja mara 5. Watu wawili chumbani si utafiti, najua, lakini kwa mfuko wake lilikuwa jibu tosha.

Usitarajie miujiza pia. Ukicharaza nyuzi kwa nguvu, piezo bado italia kidogo kama bata, kwa sababu inasikia mgandamizo wa nyuzi kuliko mtetemo wa mbao na hewa ndani ya gitaa. Punguza kidogo sauti za kati, kati ya hezi 1,000 na 3,000, na upige kwa mkono mwepesi. Uzi mmoja ukisikika chini kuliko mingine, huenda kijiti hakijakaa sawa juu ya pikapu. Hiyo ni kazi ya fundi wa magitaa, si ya priampu. Na spika ikipiga mbinja, jisogeze mbali nayo au ufunike tundu la gitaa.

Ukiamua kuwa unaihitaji, nenda ukiwa na maneno sahihi. Dukani, iwe Luthuli Avenue au mjini kwenu, uliza: “Ukinzani wa tundu la kuingilia ni kiasi gani?” Ukiambiwa chini ya omu milioni 1, rudisha mkono mfukoni. Kwa fundi, omba bafa ya transista ya JFET, rezista ya omu milioni 10 mlangoni, betri ya volti 9, yote ndani ya kisanduku cha chuma kuzuia mvumo wa stima. Fundi wa kweli hatababaika.

Rafiki yangu hakuchukua mkopo. Alimlipa fundi, akampigia mnunuzi simu kumwambia gitaa haliuzwi tena, na Jumamosi iliyofuata akarudi kazini na lile lile.

Lako nalo pengine halina kosa. Lipime kwanza.