Mdudu wa Chini ya Jiwe: Kumtambua Neoperla katika Vijito vya Songwe

Mito miwili huitwa Songwe katika pembe hii ya nchi. Mmoja hutenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Wa pili huelekea Ziwa Rukwa. Msomaji aliye Tunduma, Ileje au Mbozi aweza kwenda kwenye kijito kiendacho kasi, akainua jiwe taratibu na kulitazama upande wa chini. Maji yakiwa safi, huenda akamwona mdudu bapa, wa kahawia na manjano, akikimbilia upande wa pili. Huyo ni tunutu wa oda ya Plekoptera. Katika Afrika ya kitropiki, kwa kawaida huwa wa jenasi Neoperla.

Wengi humdhania kuwa tunutu wa Efemeroptera, aishiye naye chini ya jiwe hilo hilo. Kuhesabu mikia hakutoshi. Neoperla anayo miwili, na Efemeroptera wengi wanayo mitatu, lakini wapo wenye miwili pia. Heri kutazama mguu: Neoperla ana kucha mbili kwenye ncha ya kila mguu, mwenziwe ana moja tu. Tena matamvua ya Neoperla yamejikusanya kama vishada chini ya kifua, penye mashina ya miguu. Ya Efemeroptera hupangika ubavuni mwa tumbo.

Hapo ndipo wepesi unapokoma. Mwaka 1952 Hynes alizichunguza Neoperla za Afrika akaamua kwamba zote ni spishi moja, Neoperla spio, iliyopewa jina na Newman mwaka 1839. Rangi na ukubwa hubadilika mno, nazo haziaminiki. Baadaye Zwick, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba tofauti zimefichika katika uume wa dume na katika umbo na nakshi za ganda la yai. Mwaka 1976 alieleza zaidi ya spishi moja zilizotoka katika kijito kimoja cha mlimani Afrika ya Kati. Nami, niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, niliandika “N. spio” juu ya kila chupa niliyokuwa nayo. Chupa hizo sasa hazina faida kubwa, kwa kuwa zilijaa matunutu tu.

Basi yapasa kuwapata wadudu wapevu. Usiku, tundika shuka nyeupe kando ya kijito na uwashe karabai; watakuja wenyewe, mabawa yamelazwa bapa mgongoni. Dume akingali hai, mkandamize tumbo taratibu ili uume ujitokeze, kisha mhifadhi katika alkoholi. Jike mwenye mayai asitupwe.

Kazi hii si ya anasa. Katika kipimo cha maji cha SASS5 cha Afrika ya Kusini, kilicho chimbuko la kipimo cha Tanzania kiitwacho TARISS, familia ya Perlidae, ambamo Neoperla imo, hupewa alama 12, na ya juu kabisa ni 15. Maji machafu ya kumenyea kahawa huila oksijeni ya kijito, na tope la machimbo ya dhahabu huziba nafasi kati ya mawe. Lakini alama hiyo ni ya familia nzima: ikiwa kijito kina spishi tatu na mbili zikafa, mpimaji ataandika 12 vile vile.